Sauti ipo, picha hakuna: Switch ya mwanangu mikononi mwa mafundi wawili wa Lubumbashi

Kama una mashine ya gemu imelala kabatini kwa sababu fundi alikuambia imekufa, soma kwanza haya kabla hujaiuza kama chuma chakavu. Ya mwanangu iliambiwa imekufa. Jana usiku nimemnyang'anya mwenyewe ili alale.

Ni Nintendo Switch ya toleo la kwanza, lile lililotoka Machi 2017, lenye kioo cha inchi 6.2. Shangazi yake alimletea kutoka Afrika Kusini alipofaulu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Kwetu Katuba umeme unakatika jioni nyingi, na mashine hii inatembea na batri yake: gemu nzito inaimaliza kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, nyepesi inaweza kufika saa sita. Basi televisheni ikizima, yeye na binamu zake wanakaa mkekani wanapokezana, na mimi nasahihisha daftari za wanafunzi wangu kwa tochi bila kelele za watoto waliochoka kukaa gizani. Nasema hivi ili ieleweke kwamba kwetu sisi kitu hiki kina kazi nyumbani.

Mwezi wa nne tulikuwa tunarudi kutoka Likasi kwa basi dogo. Mfuko wa mtoto ulikuwa chini, kati ya viti. Njiani akapanda mama mmoja na gunia la makala, yaani makaa, kijana wa basi akalisukuma palepale juu ya mfuko, na mimi nilikuwa nimesinzia. Kufika nyumbani mashine ikawaka, lakini upande wa kulia kulikuwa na doa jeusi kama wino uliomwagika, na mistari ya kijani ikishuka kutoka juu hadi chini. Ukipitisha kidole juu yake husikii ufa wowote. Nililitazama doa lile dakika nyingi, nikalifuta kwa kitambaa, kana kwamba lingetoka.

Halitoki, kwa sababu haliko juu. Kioo cha Switch hii ya kwanza kina tabaka zake. Juu kabisa ni plastiki, na ndiyo inayohisi kidole. Chini yake kuna kioo cha picha, chembamba sana, na nyuma ya kioo hicho kuna taa inayokimulika. Plastiki inaweza kubonyea kidogo na kurudi mahali pake ikiwa nzima, lakini kioo cha chini kikishafinywa hivyo kinapasuka kimyakimya. Katika toleo hili plastiki ya kugusa na kioo cha picha ni vipuri viwili mbalimbali, kwa hiyo unaweza kununua kile tu kilichovunjika. Mimi wakati huo sikujua lolote kati ya haya, na aliyenihudumia kwanza hakunieleza.

Huyo wa kwanza ana duka zuri mjini, lina vioo na taa, na simu mpya zimepangwa dirishani. Aliiangalia mashine kwa nusu dakika, akasema kioo kimekufa, dola 45, njoo jioni. Nikalipa zote. Jioni nikakuta mashine nyeusi tii. Ukibonyeza kitufe kimoja mara tatu unasikia mlio wake wa kufunguka, feni inavuma kidogo, lakini kioo ni giza. Akaniambia kwamba karti, yaani ile bodi kubwa ya ndani, iliungua kwa kufinywa na gunia, na kwamba kioo chake kipya ni kizima, hivyo hawezi kurudisha pesa. Akaongeza kwamba nikitaka, yeye ataninunulia mabaki kwa dola 30.

Nilikataa, si kwa kujua, bali kwa uchungu. Asubuhi iliingia dukani ikionyesha picha. Bodi iliyoungua kwa gunia la Jumapili ingewakaje Jumatatu asubuhi?

Wiki tatu ikakaa kwenye droo. Mtoto hakuuliza tena, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kisha mwalimu mwenzangu akaniambia kuhusu kijana mmoja wa Kenya (komini yetu ya Kenya, si nchi), nyuma ya soko, ambaye anatengeneza simu na redio kwenye kibanda cha mabati. Kwa kweli nilipokiona kibanda kile nilisita. Meza moja, kiti kimoja cha mgeni, kopo la maziwa limejaa skrubu. Lakini juu ya meza kulikuwa na lenzi kubwa yenye mkono, na kila mashine iliyosubiri ilikuwa na karatasi yake iliyoandikwa ugonjwa wake kwa kalamu.

Sikumwambia habari ya fundi wa kwanza. Nilitaka aone mwenyewe. Aliishika, akaigeuza, hakushika bisibisi.

"Ilianguka, Mama, ao kitu kiliifinya?"

"Gunia la makala, papa."

"Na nani alishaifungua?"

Nikamwuliza amejuaje. Akaniwekea mgongo wa mashine chini ya lenzi. Skrubu nne za nyuma zina kichwa cha meno matatu, na mbili zilikuwa zimelika hadi kuwa mashimo ya duara, mtu alizilazimisha kwa bisibisi isiyo yake. Hapo nikaeleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho bila kumtukana mwenzake, jambo ambalo nililipenda.

Akaniambia nirudi kesho na vitu viwili: ile doki ya kuunganishia televisheni, na chaja yake ya asili. Nikauliza kama chaja ya simu haitoshi. Haitoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Doki inahitaji umeme wa volti 15 ambao chaja ya asili inautoa. Ukitumia chaja ndogo ya simu, televisheni inabaki bila picha, na utaapa kwamba bodi imekufa kumbe ni njaa tu.

Kesho yake tuliazima televisheni ya saluni ya jirani. Akachomeka chaja, kebo, akaitumbukiza mashine katika doki. Taa ndogo ya kijani ikawaka mbele ya doki, na kabla sijavuta pumzi, ukurasa wa mwanzo wa mtoto wangu ukajaa kwenye televisheni ya saluni, na jina lake, na ile picha ya uyoga aliyoichagua. Wanawake waliokuwa wanasukwa wakapiga makofi. Mimi machozi yalinilengalenga, siyafichi.

"Karti haina kufa," kijana akasema. "Iko muzima. Tutafute sasa njo nini inazuia kioo."

Jaribio lile lilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Fundi wa dola 45 angeweza kulifanya, na hakulifanya.

Jaribio la pili lilikuwa la tochi. Tulirudi kibandani, akashusha pazia la mlango, akaiwasha mashine nje ya doki na kuelekeza tochi ya simu kwenye kioo, kwa pembeni, karibu kukigusa. Akaniita nichungulie. Mwanzoni sikuona kitu. Akainamisha tochi kidogo, na kwa ndani kabisa, kama kitu kilichozama chini ya maji ya mto, nikaona visanduku vya gemu vimejipanga. Picha ilikuwepo! Ilikuwa inachorwa muda wote katika giza. Kioo kipya kilikuwa kizima, kilichokosekana ni taa ya kukimulika.

Ndipo akafungua. Chini ya mgongo wa plastiki kuna bamba la chuma, na kati ya bamba hilo na bomba la kupozea kuna pasta nzito ya kupitisha joto. Ya kwetu ilikuwa imepakazika ovyo, nusu imekauka, na ndani yake unywele mrefu. Jambo la kwanza alilofanya baada ya kuondoa bamba lilikuwa kuchomoa batri. Alinionyesha kwa makusudi: "Hii mbele ya yote." Kebo za kioo ni bapa na nyembamba kama utepe wa karatasi, na ile ya taa inabeba umeme wenye nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu taa zimefuatana katika mstari mmoja. Ukichomeka kebo hiyo huku batri bado imeunganishwa, na utepe ukaingia upande kidogo tu, umeme unaruka kwenda mahali pasipo pake, na kitu kidogo kwenye bodi kinajitoa mhanga. Kwa maoni yake ndicho kilichotokea jioni ile mjini. Mimi sikuwepo kushuhudia, lakini ushahidi wa skrubu, pasta na giza ninauona unakubaliana naye.

Akaweka ncha mbili za mita ya kupimia umeme, ile inayolia njia ikiwa nzima, kwenye bodi, mahali baada ya mahali. Palipolia aliendelea. Penye kipande kimoja karibu na soketi ya taa mita ikanyamaza. Akarudia mara tatu. Kimya. Ni fyuzi ya mstari wa taa: kitu kidogo kuliko punje ya ulezi, na kwa jicho langu bila lenzi ilikuwa vumbi. Dola 45 zangu na wiki tatu za mtoto zilikuwa zimekwama pale.

Alikuwa na bodi ya Switch nyingine iliyokufa kwa maji, akasema atang'oa fyuzi humo kwa hewa ya moto na kuihamishia kwetu. Alinitajia bei kabla ya kuanza: dola 15, na kama taa isipowaka, dola 3 tu za muda wake. Nilitaka kulipa zote mapema, kama nilivyozoea, akakataa.

Sasa mambo ambayo sikuyapenda, maana yapo. Aliniahidi siku mbili, zikawa tisa. Umeme ulikuwa unakatika mtaani kwao, na kazi ya hewa ya moto haiwezi kufanywa na jenereta ndogo ya jirani inayopandisha na kushusha, angeunguza bodi kweli. Ninaelewa sababu, lakini nilipanda pikipiki mara tatu bure kwa kuwa hakunipigia simu. Hatoi karatasi ya garanti, neno lake tu: mwezi mmoja. Na kuna chembe ya vumbi chini ya plastiki, kona ya juu kushoto, inayoonekana gemu ikiwa na anga jeupe. Aliniambia iliingia wakati wa kioo cha kwanza kubadilishwa, na kwamba kuifuata maana yake ni kuipasha moto plastiki na kuibandua tena, jambo analoweza kufanya lakini hanishauri. Nikaiacha.

Siku ya tisa akaiwasha mbele yangu kabla ya kuifunga. Kioo kikawaka, chapa yao ikatokea, kisha kikajaa. Akapunguza mwanga hadi mwisho, akaupandisha hadi mwisho, ili nione taa inatii. Akazima ule mpangilio wa mwanga kujirekebisha wenyewe, akaniambia kuna wazazi wanaomletea mashine nzima kwa sababu ya huo tu, kioo kinafifia chumbani nao wanadhani kinakufa. Akatelezesha kidole kutoka ukingo hadi ukingo. Upande wa kulia mguso ulikuwa hausikii, upana wa kidole kimoja. Hakunidanganya kwamba ndivyo ilivyo. Alizima, akachomoa batri tena, akakuta utepe wa mguso umeingia nusu, akauinua mlango wake mweusi mdogo kwa ukucha, akausukuma sawasawa, akafunga. Mara hii mguso ukasikia hadi pembeni.

Pasta ya zamani aliifuta kwa alkoholi na kupaka mpya. Skrubu mbili zilizolika alizibadilisha na za kawaida za msalaba. Yote ndani ya dola 15 zilezile. Sasa ni mwezi wa tatu tangu nilipoichukua, feni ni tulivu kuliko mwanzo, na giza halijarudi.

Kwa kijana wa Kenya natoa nyota nne kati ya tano, ya tano aliipoteza kwa zile safari tatu za bure. Ukienda, nenda asubuhi kabla ya jua kuchoma mabati, maana mchana kibanda ni tanuri na yeye mwenyewe hutoka kukaa kivulini. Jumapili hafungui. Kama mashine yako ni ile ya mwaka 2021 yenye kioo cha OLED cha inchi 7, mwambie tangu mlangoni, kwa sababu kioo chake ni kingine kabisa na cha kwetu hakiingii. Chukua doki, chukua chaja ya asili. Na kama kuna mtu alishaifungua, mwambie, ingawa atajua tu.