Inchi Nne za Mtutu: .308, .30-06, .300 na .375 kwenye Miombo ya Tabora

Wakuu, habari zenu. Karibuni tena kutoka Tabora. Hapa mezani nina risasi nne za kuwindia, na swali linalonifikia kila mara ni lile lile: mtutu mfupi unapunguza mwendo kiasi gani? Kidogo kuliko wauzaji wanavyotutisha, ila si kwa kila risasi.

Tuanze na boksi. Hii .30-06, kichwa cha greni 180, yaani gramu 11.7 hivi, imeandikwa futi 2,700, ambazo ni mita 823 kwa sekunde. Kiwanda kimepima kwa mtutu wa majaribio wa inchi 24. Wewe bunduki yako pengine ni ya inchi 22, au 20. Maana yake ule mwendo wa kwenye boksi hujawahi kuupata, na wanyama umekuwa ukiwaangusha vizuri tu.

Kuna watu wanasema mtutu mrefu unaisaidia baruti imalize kuungua. Hapana. Baruti karibu yote inaungua kwenye inchi za mwanzo mwanzo. Kinachobaki ni gesi kusukuma kichwa cha risasi, na kadiri kinavyosogea mbele, gesi inapata nafasi ya kutanuka na nguvu yake inapungua. Ndiyo maana inchi ya 17 inakuongezea mwendo kuliko inchi ya 25.

Kwa .308 na .30-06, kadiria unapoteza mwendo wa mita 6 hadi 8 kwa sekunde kwa kila inchi unayopunguza. .300 Winchester Magnum ina baruti nyingi zaidi inayopita kwenye tundu la upana ule ule, kwa hiyo inapoteza zaidi: 9 hadi 12, mara nyingine inazidi. Ni makadirio. Mitutu miwili ya urefu mmoja, hata ya kiwanda kimoja, inaweza kupishana.

Sasa piga hesabu na mimi. Umenunua .30-06 ya inchi 20. Chukua 823, toa kama 28, unabaki na 795. Haya, .308 ya inchi 24 yenye kichwa cha uzito huo huo, boksi linasema 799. Umebeba ganda refu, baruti nyingi, mlio wa kuziba masikio, halafu mmefika pale pale!

.300 ndiyo inayonikera zaidi ikifupishwa. Kwenye inchi 24 inatoa 902. Ishushe hadi 20, unapata kama 860. Bado inaizidi .30-06, sawa, lakini karibu nusu ya ile faida imeishia hewani, moto unaotoka mdomoni utafikiri umewasha kuni, na teke la begani bado lipo. Ukitaka magnamu, vumilia inchi 24 au 26. Hutaki mtutu mrefu? Basi magnamu ya nini?

Na je, kwenye miombo yetu ya Sikonge au Kaliua, hizo mita 28 za .30-06 zinakugharimu nini? Darubini ukiiseti kwa mita 100, ukapiga kwa mita 200, risasi ya polepole itashuka sentimita moja au mbili zaidi. Mnyama mkubwa kama pofu hana habari na sentimita mbili. Na mara nyingi huku mti unakuzuia kumwona mnyama kabla hujafika hizo mita 200. Mtutu mfupi unapita vizuri vichakani na unageuka haraka ndani ya gari. Hilo utaliona kila siku.

Tena ukipiga kwa karibu sana, mwendo mkubwa unaweza kukuharibia. Kichwa laini cha .300 kikigonga mfupa wa bega kwa mita 40, kinaweza kupasuka kabla hakijaingia ndani. Kwa umbali huo, nunua kichwa kigumu.

.375 H&H hii ni bibi yao wote kwa heshima. Holland & Holland wa Uingereza waliitoa mwaka 1912, wakifikiria nchi za joto: ganda limepungua unene taratibu kuelekea mbele, linatoka chumbani bila kung'ang'ania. Greni 300, mita 771. Mwendo mdogo kuliko .30-06, lakini nguvu ni kama jouli 5,780 dhidi ya 3,950. Kwa nyati, hapa kwetu .375 ndiyo ya kuanzia. Mtutu wa inchi 22 unaibadilisha kidogo sana.

Joto nalo, jamani. Usiache boksi la risasi kwenye dashibodi mwezi wa Oktoba. Baruti ya moto inapandisha shinikizo, na hapo hata hesabu zangu hizi zinaharibika.

Halafu kwa mnaouliza kama mnaweza kuwinda Ugalla: tangu 2019 kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na hifadhi ya taifa haiwindwi. Kitalu na leseni, kaulize TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Mimi ningechukua .30-06 ya inchi 22, na .375 ya inchi 24 kwa mwenye leseni ya nyati. Na msikate mtutu kwa fundi wa kuchomelea: mdomo wake ukichongwa vibaya hata kidogo, risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Ukiniandikia swali, taja kwanza urefu wa mtutu wako, jina la risasi baadaye.