Tochi inakataa betri za kuchaji? Soma hii kabla hujanunua nyingine

Kila msimu wa wageni hapa Moshi nasikia lalamiko lile lile kutoka kwa wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Betri za kuchaji zimetoka kwenye chaja zimejaa, lakini tochi ya kichwani inafifia kama mshumaa. Ukirudisha za kawaida, inawaka vizuri. Basi mtu anaapa ameuziwa betri feki, anazitupa. Inauma, kwa sababu mara nyingi betri ni nzima.

Nilimpelekea fundi redio tochi ya kaka yangu, ya betri 3 za AAA, zile ndogo za rimoti. Akaiwasha, akagusisha ncha za mita kwenye betri moja moja: 1.24, 1.23, 1.25. Hakuna mbovu hata moja. Betri ya kuchaji ya NiMH (aina yenye nikeli ndani) ndivyo ilivyo, ni ya volti 1.2, ya kawaida ikiwa mpya ni 1.5. Tatu za kawaida zinatoa 4.5, tatu za kuchaji 3.6. Sasa, LED nyeupe peke yake inataka kama volti 3, na tochi ya bei nafuu imewekewa rezista, kipande cha kuzuia umeme usizidi, iliyopigiwa hesabu ya 4.5. Ile 1.5 iliyokuwa ikisukuma umeme kwenye rezista imebaki 0.6. Mwanga lazima ushuke.

Ila kama haiwaki kabisa, angalia kwanza mahali betri inapogusa. Betri nyingi za kuchaji zina kichwa kifupi, na tochi nyingine zina ukingo wa plastiki upande wa chanya, hivyo betri haifiki kwenye bati. Ibonyeze kwa kidole. Ikimulika, umeshajua tatizo. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani, upanguse kwa tone la ndimu, kisha kausha vizuri.

Kama unanunua, mimi napanga hivi.

Namba moja kwa anayepanda mlima ni tochi yenye saketi ya kudhibiti umeme, ambayo mtengenezaji ameandika kwamba inakubali NiMH. Petzl Tikkina ni mfano wa iliyoandikwa hivyo kuhusu NiMH. Kwa zisizo na maandishi, nenda dukani na betri zako ulizochaji. Weka zako, weka za muuzaji, ukilinganisha mwanga ukutani. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka. Kwenye betri, chagua zile zinazotunza chaji zikiwa zimekaa, kama Eneloop. NiMH za zamani hupungukiwa ndani ya wiki chache hata bila kutumika. Tena NiMH huvumilia baridi kuliko zile za kawaida za alkali, na safari ya kilele, mita 5,895, huanza karibu saa sita usiku, baridi ikiwa kali.

Namba mbili ni tochi yenye betri ya lithiamu ya kuchajiwa kwa USB. Kwa nyumbani umeme ukikatika, hii ningeiweka ya kwanza bila kusita. Mlimani shida yake ni kwamba ikiisha, huwezi kuazima betri kwa mwenzako.

Ya tatu ni betri za lithiamu zenye saizi ya AA au AAA zinazotoa volti 1.5 kamili kwa saketi iliyo ndani yake. Zinaiponya tochi yako ya zamani, lakini hushikilia 1.5 hadi mwisho kisha hukata ghafla. Kati ya kambi ya Barafu na Stella Point, njiani kwenda kileleni, giza la ghafla ni hatari. Ukizitumia, beba tochi ya pili.

Usiguse kabisa betri za lithiamu zilizoandikwa 14500 na 10440 kwa tochi hizi. Kwa macho ni AA na AAA, lakini kila moja ina volti 3.7. Tatu zinapita 11, na LED inaweza kuungua papo hapo.

Taa za sola za bustani ni habari nyingine: nyingi zimetengenezewa betri moja ya 1.2. Usiweke ya kawaida humo, maana sola itajaribu kuichaji na inaweza kuvuja.

Ukishanunua, ziandike betri zako tatu kwa kalamu ya wino mzito, kila moja herufi ile ile ya seti yake, uzichaji na kuzitumia pamoja. Ukichanganya na nyingine, iliyo dhaifu huisha mapema, wenzake wanaendelea kuisukuma hadi chanya na hasi yake zinageuzana, na hapo ndipo betri iliyokuwa nzima inapokufa kweli.