Taya baada ya opareshoni: CT skani au MRI?
Umefanyiwa opareshoni ya kurekebisha taya, miezi inapita alafu meno ya mbele ya juu na ya chini yanaanza kuachana tena, hayakutani ukiuma, hapo mi nasema anza na CT, yaani picha ya eksirei ya pande zote, ile ndogo ya meno inatosha, maana mfupa unaonekana vizuri kabisa, ile ncha ya taya ya chini, pale kwenye kiungo karibu na sikio, kama imelika au imehama daktari analinganisha na picha ya kabla ya opareshoni anaona tofauti. Ila kigegedu cha katikati ya hicho kiungo haionyeshi. Taya ikilia ukifungua mdomo au ikigoma kufunguka, hiyo ni MRI, picha ya sumaku, unapigwa mdomo umefunga kisha umefungua, mionzi hamna, ila bei imechangamka jamani. Wadada mliokuwa na taya fupi ya chini msipuuze, nyie ndo mfupa hulika zaidi.