Walimwinua mama yangu kwenye kiti: uzoefu wangu kwenye maonyesho ya sanaa Moshi

Hili la Moshi limenikaa kooni, kila nikilimeza linarudi. Mama yangu mzazi, mwanamke wa miaka sabini na kitu, aliinuliwa kwenye kiti ndani ya jumba la sanaa na kijana ambaye hata shikamoo hakumpa. Kisa? "Mama, hivyo viti ni vya wageni."

Nianze na likizo yenyewe, maana sitaki mtu aseme nina chuki na Moshi. Mama kazaliwa Machame akaolewa pwani, na kwa miaka mingi kila akipanda huko ni kwa ajili ya msiba au Krismasi ya ukoo, kazi juu ya kazi. Safari hii nilimwambia twende kutembea tu, tulale hotelini kama watalii wengine. Tulikwenda kipindi kile cha baridi, shule zimefungwa. Materuni tulitembea mpaka kwenye maporomoko, kisha tukatwanga na kukaanga kahawa na kuinywa pale pale. Tukaenda Chemka, maji ya uvuguvugu, meupe mpaka unaona mizizi kule chini, na mama alikaa ameingiza miguu ndani akagoma kuondoka. Mtori kila asubuhi. Mlima mchana unajificha, alfajiri unajitokeza wote, na mama ananiita dirishani utadhani umeletwa jana. Wote waliotuhudumia huko, kuanzia dereva wa bajaji mpaka yule dada wa jikoni hotelini, Mungu awabariki.

Sasa mjini. Tuliona bango la maonyesho ya sanaa ya kisasa, na aliyetaka kuingia ni mama, si mimi. Watu wa Machame wa umri wake wanamjua mchoraji Sam Ntiro. Mzaliwa wa kule kule, 1923, akasoma Makerere na baadaye Slade, chuo cha sanaa kule London, akarudi kufundisha Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru ndiye aliyekuwa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Alichora migomba, mavuno, watu wakifanya kazi pamoja. Picha yake ya 1956, wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko MoMA, yale makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Na Marangu ndiko alikozaliwa Elimo Njau, aliyechora ukutani maisha ya Yesu kwenye kanisa la Murang'a, Kenya, akiwa na Yesu Mwafrika, kisha akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965. Kwa hiyo mtu asije kuniambia sanaa ya kisasa Kilimanjaro imeletwa na watalii. Mama alivaa kitenge chake kizuri akaingia pale kama mtu anayekwenda kuona vya kwao.

Tulilipa kiingilio bila kubisha. Magoti ya mama yalikuwa bado yanalalamika kwa ajili ya ule mteremko wa Materuni, akaona viti viwili vya mbao pembeni, akakaa. Kijana akaondoa macho kwenye simu, akaja na lile neno lake. Mama akainuka. Mbaya zaidi, akamwomba radhi: "Samahani baba, sikujua." Mama yangu! Anamwomba radhi mtoto kwa kukaa! Dakika chache baadaye wakaingia Wazungu wawili, kijana huyo huyo akavuta viti vile vile, akawaletea na maji.

Nikamfuata. Nikamwambia taratibu, "Mdogo wangu, yule ni mama yako pia, na tumelipa kama wao." Akanijibu, "Dada, mimi nafuata utaratibu tu." Utaratibu wa nani? Uliandikwa wapi? Hakuwa na jibu, akarudi kwenye simu.

Mama, ambaye moyo wake mimi sina, bado akamwuliza kwa upole kama wana chochote cha Ntiro, hata kivuli cha picha. "Nani?" Akamtajia tena. "Huyo hatuna. Tingatinga ziko kule nje mlangoni, ndogo ndogo, bei nafuu." Picha za Tingatinga naziheshimu. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na vipande vya ubao na rangi ya kupakia baiskeli, akafa 1972, na mpaka leo watu wanakula kwa mtindo wake. Lakini yule kijana hakututuma mlangoni kwa heshima ya Tingatinga. Alitutazama miguuni, akaona vumbi la Materuni, akatupangia mahali petu.

Nilitaka tuondoke. Mama akasema kiingilio tumeshatoa, twende juu. Na huko juu, jamani, sijui niseme nini. Kuna picha moja kubwa imeunganishwa na vipande vya mitumba, jinzi, mashuka, mashati ya shule, vimeshonwa na kupakwa rangi mpaka vikawa akina mama wa soko la mitumba la Kiboriloni wanafungua mabelo alfajiri. Ukiwa mbali unaona mlima nyuma yao. Ukisogea unakuta theluji yote ni kola za mashati meupe zilizokaa safu safu. Mama aliigusa hewa mbele yake tu, hakugusa picha, akasema, "Huyu aliyeshona amewahi kubeba belo." Nilisimama pale muda mrefu na hasira ikanitoka kabisa. Nikasema moyoni, hawa nitawasifia, yule kijana ni mmoja tu, na mchoraji hana kosa.

Nikateremka kuuliza bei. Dola. Nikaomba ya shilingi. "Tunauza kwa dola tu." Kanuni za serikali za 2025 zimekataza kutangaza bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni humu nchini, na hapo mtu ananiambia hivyo usoni, karatasi za bei zimebandikwa ukutani hazina shilingi hata moja. Nilikuwa na nia ya kweli ya kununua kitu, kama si ile kubwa basi ndogo ya mchoraji yule yule. Ile sifa yote niliyowaandalia ikaishia pale kaunta.

Kwa hiyo msiende. Au nendeni, kwa sababu ile picha inastahili kuonwa na watu wa Kiboriloni wenyewe kabla haijanunuliwa na kupelekwa Ulaya, na mchoraji akose mkate kwa ajili ya mapokezi mabovu? Hapana. Nendeni, lipeni kiingilio, mkikuta viti, kaeni. Akija na utaratibu wake, mwambieni auonyeshe ulikoandikwa.

Na kwa mwenye jumba: sitaki kurudishiwa hela. Namtaka yule kijana ampigie mama yangu simu, aanze na shikamoo, kisha aseme samahani. Namba ya mama ipo kwenye kitabu chenu cha wageni, aliiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri, amesimama.