Pampu ya volti 12 kwenye tenki la sato hai: uzoefu wangu wa jua la mchana ziwani

Pampu hii naitumia kwenye boti ya kubebea sato (tilapia) hai Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, kutoka vizimbani, yaani vizimba vya kufugia samaki ziwani, hadi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Ni ile ndogo ya kuzamisha, ya volti 12, iliyoandikwa lita 1,900 kwa saa; inavuta maji ya tenki na kuyarudisha kwa juu ili yaanguke na kushika hewa. Tenki ni kasha la samaki lenye kuta nene za kutunza baridi, lenye maji lita 100. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nianze na kile ambacho pampu yoyote haiwezi. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Kwa mwinuko wa ziwa letu, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa yana takriban miligramu 7.2 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 6.6. Wakati huohuo samaki aliyepata joto huhema kwa kasi, anakula oksijeni nyingi zaidi na kutoa amonia na kaboni dayoksaidi zaidi. Pampu inarudisha oksijeni hadi kikomo hicho, haikivuki. Ukinunua kubwa zaidi huku tenki linaiva juani, umetupa pesa na samaki. Tena pampu yenyewe inapasha maji: inavuta kama ampea 3, na joto hilo kwa lita 100 ni karibu theluthi moja ya nyuzi kila saa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kivuli. Kifuniko kipakwe rangi nyeupe, juu yake utandaze gunia la katani na kulilowesha kila linapokauka. Lakini usifunge kasha kabisa! Kaboni dayoksaidi ikikosa pa kutokea hujikusanya majini, na sato hulegea hata kama pampu inaunguruma vizuri. Mimi nimetoboa kifuniko matundu mawili ya inchi mbili, moja kila upande, ili upepo wa mwendo upite.

Baridi naleta kwa chupa za maji za lita moja na nusu zilizogandishwa. Chupa moja ikiyeyuka yote hupoza lita 100 kwa nyuzi moja na zaidi kidogo. Barafu ya kumwaga wazi siipendi, kwa sababu nyingi imetengenezwa kwa maji ya bomba yenye klorini, na klorini huunguza mashavu ya samaki. Lengo ni nyuzi 23 hadi 24. Ingiza chupa mojamoja na uangalie kipima joto. Ukishusha zaidi ya nyuzi tatu kwa mkupuo, sato anapata mshtuko, na mara nyingi hafi pale pale, anafia kwa mteja kesho yake.

Sasa ufungaji, maana hapa wengi ndipo wanaponung'unikia pampu bure. Lita 1,900 ni pale isipopandisha maji hata kidogo. Ukiipandishia maji nusu mita na kuyapitisha kwenye bomba jembamba, hupungua sana. Tumia bomba la plastiki la nusu inchi, liwe sentimita 10 juu ya maji, uzibe ncha, utoboe matundu ya milimita 3 kila baada ya sentimita 5. Maji yaanguke kwa nguvu na kuvunja uso. Matundu yakizidi, presha inakufa na maji yanadondoka tu. Chujio la chini lioshwe kila safari, kwani magamba na ute huliziba upesi.

Betri iwe ya peke yake, N50 (ya ampea-saa 50) inatosha: ukiishusha hadi nusu tu unapata kama saa nane. Usiiunganishe na betri ya kuwashia injini. Nyota iliyopungua ni ya waya: uliokuja na pampu ni mwembamba, unapata moto, na pampu inapungukiwa nguvu. Weka waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 5 karibu na betri.

Idadi ya samaki: kilo 8 kwa lita 100 mchana, kilo 12 alfajiri. Wa kizimbani wasipewe chakula kwa saa 24 kabla ya safari, la sivyo maji huchafuka njiani. Chumvi ya mawe gramu 300 hadi 500, iyeyushwe kwenye ndoo kwanza, huwasaidia waliochubuka magamba. Povu jeupe likitanda, badilisha theluthi ya maji, uyachote ziwa wazi, kamwe si karibu na magugu maji ambako oksijeni ni haba. Sato wakianza kugombania uso wa maji na kupiga midomo, punguza samaki mara moja. Kuongeza barafu peke yake kumechelewa.

Mwaloni, changanya maji ya tenki na ya chombo cha kuwapokelea kidogokidogo kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuwahamisha.

Kwa kambare huhitaji pampu hii, maana anavuta hewa ya juu. Mtengee chombo chake asiwang'ate wengine. Kwa sangara usiinunue. Havumilii upungufu wa oksijeni, na akiingizwa kwenye tenki hili mchana atawahi kufa kuliko boti kufika.