Gemu za kujenga mji kwa utulivu: ununue ipi kwanza?

Wapo watu ambao wakirudi kazini jioni hawana hamu ya gemu ya kufukuzana wala ya risasi. Wanataka kukaa nusu saa, waweke nyumba moja hapa, mti mmoja pale, kisha wakalale. Kama nawe ni wa namna hiyo, nimezipanga gemu tano za kununua, kuanzia ile ya kukimbilia hadi ile inayoweza kusubiri.

Kipimo changu ni kimoja: gemu yenyewe inakuacha upumzike? Ndiyo maana za bure za simu sikuzitia kwenye orodha. Nilicheza moja kwa miezi. Kiwanda kinadai saa kadhaa kutoa mbao, ukitaka haraka unalipa, na usiku wa manane simu inalia kukuarifu kwamba ghala limejaa. Nikawa naamka kuuhudumia ule mji kama mtu anayeamkia mtoto. Zote ninazozitaja hapa unalipa mara moja, basi.

1. Townscaper

Hii nunua kabla ya nyingine zote. Ni kazi ya Msweden mmoja, Oskar Stålberg, na ilitoka kamili mwaka 2021, kwanza kwenye kompyuta na kwenye mashine ya gemu ya Nintendo Switch, kisha kwenye simu za Android na iPhone mwaka huohuo. Haina hazina ya kuhesabu, haina wakazi wanaolalamika, wala haina mahali pa kushinda. Unafungua, unakuta bahari tupu. Ukigusa maji, msingi wa mawe unachomoza pamoja na kisauti kama cha kokoto iliyotupwa kisimani. Ukigusa tena palepale, nyumba inaota juu yake, na mlango, dirisha na paa lake. Weka nyingine ubavuni, zinashikana ukuta. Ondoa ya chini, ya juu haianguki, inabaki imesimama kwa nguzo. Kila unapogusa, programu inatazama kilicho jirani na ulichoweka, halafu inaamua yenyewe kama panafaa tao, ngazi au kamba ya kuanikia nguo.

Usiku mmoja nilijaribu kuvijenga vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja. Nikapanga safu mbili za nyumba za ghorofa tatu zikitazamana, nikaacha nafasi ya kupita mtu na baiskeli yake tu. Rangi nikachagua nyeupe na ile ya mchanga. Kamba za nguo zikatokea zenyewe juu ya kichochoro. Kisha nikazungushia nyumba pande zote nne na kuacha mawe matupu katikati, na pale katikati pakageuka bustani ya majani mabichi, mfano wa ua wa ndani wa nyumba za pwani. Milango ya nakshi hakuna, na mapaa ni ya mgongo kama ya Ulaya ya kaskazini. Hata hivyo niliutazama ule ua kwa muda mrefu kuliko niliotumia kuujenga.

Bei yake ni karibu dola 6 kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na kwenye simu ni pungufu kidogo. Pia kuna ya kuonja bure inayochezeka ndani ya kivinjari, kwenye tovuti ya Stålberg mwenyewe, kwa hiyo onja kwanza. Mtu anayehitaji lengo la kufikia huenda akaichoka baada ya siku mbili tatu, na huyo namwelekeza kwa inayofuata.

2. Dorfromantik

Waliitengeneza vijana wanne wa studio ya Toukana Interactive huko Berlin, na ilikamilika Aprili 2022. Unapewa rundo la vigae vya pembe sita. Kila kigae kina vipande vya msitu, mashamba ya nafaka, nyumba, mto au reli. Unakizungusha, unakitafutia mahali ambapo msitu utagusa msitu na nyumba zitagusa nyumba. Pande zote sita zikikubaliana na majirani, unaongezewa kigae. Rundo likiisha, mchezo umekwisha.

Hapo ndipo utamu ulipo. Hakuna saa inayokukimbiza, unaweza kukishika kigae kimoja mpaka chai ipoe, lakini kila uamuzi una uzito wake. Vigae vingine huja na ombi, mathalani kuunganisha idadi fulani ya nyumba, na ukilitimiza unapewa vigae zaidi. Asiyetaka kuhesabu chochote anaingia sehemu ya kujenga huru. Ni karibu dola 14, na kwangu imestahili kila senti. Toleo lake la mezani, la vigae vya kushika mkononi, lilishinda tuzo kubwa ya Ujerumani ya Spiel des Jahres mwaka 2023. Familia yenye watoto ingefurahia hilo la mezani zaidi.

3. Pocket City

Kama huna kompyuta, hii ndiyo ya pili kwako. Ilitoka mwaka 2018 kwa Android na iPhone. Ni ujenzi wa mji hasa: unatenga maeneo ya makazi, biashara na viwanda, unachora barabara, unavuta umeme na maji. Inachezeka bila intaneti, kwa hiyo bando lako halitaguswa ukiwa ndani ya daladala au matatu. Nimeiweka ya tatu kwa sababu kuna moto, uhalifu na vimbunga, na wapo ambao hayo huwanyima raha. Angalia usichanganye: ipo ya bure yenye matangazo na ipo ya kulipia. Chukua ya kulipia.

4. Islanders

Ni ya Berlin pia, ya mwaka 2019, kama dola 5 kwenye Steam. Unapanga majengo kisiwani na kupata alama kulingana na ujirani: mkata miti anataka miti, na kiwanda cha mbao kinamtaka mkata miti. Alama zikitosha, unahamia kisiwa kipya. Nzuri kwa nusu saa, lakini alama hukuweka roho juu kidogo.

5. Tiny Glade

Kwa uzuri wa macho inazishinda zote. Watu wawili tu ndio waliotengeneza, chini ya jina Pounce Light, na ilitoka Septemba 2024. Ukipitisha njia kwenye ukuta, ukuta unajifungua na kuwa lango. Nimeiweka mwisho kwa sababu ni ya kompyuta tu, inataka kadi nzuri ya grafiki (kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha), na inauzwa karibu dola 15.

Kuhusu kulipa, Google Play nchini Kenya inapokea M-Pesa moja kwa moja, na Steam inapokea kadi za Visa. Steam pia hupunguza bei mara kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo Tiny Glade na Dorfromantik unaweza kuzivizia. Ukinunua halafu kompyuta ikashindwa, omba urudishiwe pesa ndani ya siku 14, mradi hujacheza kufikia saa 2. Muda huo unatosha kabisa kusikiliza kama feni inapiga kelele.