Dipo la soda na maji la Outering: huduma safi, mpaka chupa tupu zihesabiwe

Dipo hili la jumla kando ya Barabara ya Outering, Nairobi, huhudumia maduka, vibanda na hoteli ndogo za Umoja, Kayole na Donholm. Bei yake haipishani sana na ya majirani. Linalolibeba ni maafisa wake wa mauzo: kila mtaa una siku yake, na oda iliyoandikwa leo hufika kesho asubuhi. Anayefungua friji yako kwanza ndipo aandike oda, huyo mshike. Anayeandikia mlangoni anatafuta lengo lake la mwezi tu.

Lengo hilo lichunge. Mwezi ukikaribia kuisha utasikia ofa: nunua kreti 10, ongezewa 1. Kama ladha yenyewe hulala dukani, hiyo ya bure imekufungia pesa za kreti 10. Juni na Julai, Nairobi ikishika baridi, punguza oda, hasa ya chupa za plastiki. Gesi hupenya plastiki polepole, na mzigo ukianikwa juani nje ya duka soda huishiwa gesi haraka zaidi. Soma tarehe ya mwisho hadi pakiti za chini. Za zamani hupenda kukaa huko.

Ugomvi mwingi uko kwenye chupa tupu. Kreti ya soda ya mililita 300 ina chupa 24, na ili ulipie kinywaji peke yake, lazima urudishe kreti na chupa zake zote. Utingo huhesabu mbiombio, injini ikinguruma. Wakifika dipo, chupa iliyomeguka mdomo hukataliwa kwa sababu kizibo hakitaziba, na ya kampuni nyingine hukataliwa pia. Deni linarudi kwako. Basi zipange usiku, kila kreti aina moja, kagua midomo, kisha dereva aandike idadi na kutia sahihi kabla tupu hazijapanda gari. Akisema ana haraka, mzigo mpya usishuke.

Malipo hayana shida: M-Pesa kwa till (namba ya malipo ya biashara) yenye jina la kampuni, risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kodi wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA), papo hapo. Usitume kwa simu ya afisa hata kama mmezoeana vipi, maana akihamishwa utabaki na meseji tu. Stempu za ushuru kwenye maji na soda zikaguliwe kwa programu ya Soma Label ya KRA. Chupa chache za hapa na pale zinatosha.

Wanapoanguka ni friji ya mkopo. Kuipata ni rahisi, fundi ndiye haonekani. Mkataba unakataza kuweka kinywaji cha mshindani ndani yake, ila haujasema itengenezwe kwa siku ngapi. Idai hiyo siku iandikwe kabla hujatia sahihi, na iandikwe pia umeme unalipwa na nani.